Barua haifiki, seva haiingiliki: kutafuta pakiti ilipokwama

Malalamiko yanayomfikia fundi wa mtandao karibu kila mara huja kwa sentensi moja tu, kwamba mtandao haufanyi kazi. Ukimhoji mlalamikaji kwa utulivu utagundua kuwa amefunga pamoja mambo matatu yasiyohusiana: barua ya tawi la Mombasa imerudi na ujumbe wa kosa, mhasibu aliye nyumbani hawezi kuingia kwenye seva, na tovuti za magazeti zinafunguka kama kawaida. Mwongozo huu unashughulikia mawili ya kwanza, yaani barua pepe na kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH. Huduma hizi hupita katika njia ileile ya pakiti (vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafirishwe) lakini huharibika kwa namna tofauti, na fundi anayezichanganya huishia kubadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi.

Mfano nitakaoutumia ni wa kawaida katika ukanda wetu: ofisi ndogo ya Dar es Salaam yenye laini moja ya faiba, tawi la Mombasa linalotumia intaneti ya simu, na seva ya kukodi iliyoko Frankfurt ambayo hupokea barua za ofisi. Kikoa, yaani jina la ofisi kwenye intaneti, nimekiita ofisi.example na anwani ya seva ni 203.0.113.25, vyote viwili vimetengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo usivinakili kama vilivyo.

Kabla ya kugusa faili lolote

Swali la kwanza ni hili: umepata jibu gani? Katika mtandao wa pakiti hakuna waya uliotengwa kati ya mashine mbili kama ilivyokuwa kwa simu za zamani. Kila ruta huiangalia pakiti iliyo mbele yake, huamua iipeleke wapi, kisha huisahau, bila kujua kama ile iliyotangulia ilifika. Na njia ya kurudi si lazima iwe ile ya kwenda. Kwa sababu hiyo kosa linaweza kuwa njiani wakati wa kwenda, njiani wakati wa kurudi, au kwenye mashine ya mwisho, na kinachotenganisha hali hizi tatu ni namna ya jibu, wala si ukali wa mlalamikaji.

Jaribu kuingia kwa amri inayosimulia kila hatua:

ssh -v fundi@203.0.113.25

Ukiona "Connection refused", hiyo ni nusu ya habari njema, kwa kuwa pakiti yako ilisafiri, kuna kitu kilichoipokea, na kitu hicho kimesema hapana. Ukiona "Connection timed out", hukujibiwa na yeyote: ama pakiti ilipotea, ama faiawoli (kichujio cha trafiki) imeitupa kimyakimya, ama jibu lilitoka lakini halikukufikia. Ukiona "No route to host", kuna ruta au faiawoli iliyokutumia taarifa kwamba mashine hiyo haifikiki, na mara nyingi mtoa taarifa yuko karibu na wewe au karibu sana na seva. Lakini ukiona "Permission denied (publickey)", acha kabisa kuchunguza njia. Umekwishafika mlangoni, ufunguo wako ndio uliokataliwa, na mara nyingi tatizo liko kwenye faili la authorized_keys (orodha ya funguo zinazokubaliwa) au kwenye ruhusa za folda lililomo.

Barua nayo ina kimya chake na kukataliwa kwake. Namba ya jibu inayoanza na 4 ina maana ya "rudi baadaye", na seva inayotuma itaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Inayoanza na 5 ni hapana ya moja kwa moja, na barua hurudishwa kwa mtumaji. Isipokuwepo namba yoyote, bali maneno ya kusubiri hadi muda kwisha, basi mazungumzo hayakuanza au yalikatikia katikati, na hapo ndipo uchunguzi wa njia unapostahili.

Ofisi nzima imefungiwa, lakini simu yako inaingia

Nianze na kisa kinachodanganya wengi. Wafanyakazi wote wa ofisi wanapata "Connection refused" kuanzia saa nne asubuhi, ilhali fundi akitumia intaneti ya simu yake anaingia bila shida. Wengi hukimbilia kumpigia mtoa huduma wa intaneti. Ukweli ni kwamba ofisi nzima hutoka nje kwa anwani moja ya umma, na kwenye seva kuna programu kama fail2ban inayofungia anwani yoyote inayokosea nywila mara kadhaa. Karani mmoja mwenye programu iliyohifadhi nywila ya zamani anatosha kuwafungia wenzake wote. Zaidi ya hapo, katika mipangilio yake ya kawaida fail2ban haitupi pakiti kimya bali huikataa waziwazi, ndiyo maana skrini inasema "refused" na fundi anadhani programu ya SSH imezimika.

Ingia kupitia simu, kisha angalia waliofungiwa:

fail2ban-client status sshd

Ukiikuta anwani ya ofisi humo, ifungulie, lakini usiishie hapo: mtafute mwenye nywila ya zamani, la sivyo baada ya muda mfupi mtarudi palepale. Kuiongeza anwani ya ofisi kwenye orodha ya wasiofungiwa ni jambo linalofaa iwapo anwani hiyo haibadilikibadiliki, na silipendekezi kwa laini ambayo hupewa anwani mpya kila inapowashwa upya.

Kimya kitupu

Hapa hakikisha kwanza kwamba unaita mashine sahihi. Linganisha anwani inayotolewa na DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mwenye seva. Seva ikihamishwa, nakala ya zamani ya rekodi inaweza kukaa kwenye kompyuta au kwenye ruta ya ofisi hadi muda wake uishe, na muda huo ukiwekwa sekunde 86400, basi ni siku nzima.

Kisha fuatilia njia kwa kutumia poti (namba ya mlango wa huduma kwenye mashine) ileile unayoilalamikia, kwa maana kuna ruta nyingi zinazopitisha ping na kuzuia mengine:

sudo traceroute -T -p 22 203.0.113.25

Nyota zinazoonekana katikati ya orodha zisikutishe. Ruta nyingi za watoa huduma hazijibu vipimo vya aina hii, au hujibu kwa uchache, huku zikipitisha pakiti za kawaida vizuri kabisa. Kinachohesabika ni kama mstari wa mwisho umefikiwa. Orodha ikikomea ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako, mpelekee orodha hiyo. Ikikomea hatua moja kabla ya seva, angalia faiawoli ya seva na ile ya kampuni iliyokukodisha, ambazo ni mbili tofauti, na kuifungua moja hakuifungui nyingine.

Kimya cha aina ya pili kinatokea pale unapotaka kuingia upande wa pili, yaani kutoka nje kwenda kwenye kompyuta iliyoko tawini. Umeelekeza poti kwenye ruta, umehakikisha mara tatu, na bado hakuna jibu. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ni ya ndani kama zile zinazoanza na 10, ruta yako haina anwani ya umma. Safu hiyo ya kwanza ilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo la kawaida kwenye intaneti ya simu. Hakuna mpangilio wa poti utakaosaidia, kwa sababu pakiti kutoka nje inaishia kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho wewe huna mamlaka nacho.

Dawa ni kuifanya kompyuta ya tawini ianzishe mazungumzo yenyewe, kwa kuwa kutoka nje inaruhusiwa:

ssh -N -R 2222:localhost:22 fundi@203.0.113.25

Amri hiyo inafungua poti 2222 kwenye seva ya Frankfurt, na yeyote anayeigonga anapelekwa hadi tawini. Kwa kawaida poti hiyo husikika ndani ya seva yenyewe tu, na ni vyema ibaki hivyo. Kwa hiyo anayetoka nje hupitia seva kwanza:

ssh -J fundi@203.0.113.25 -p 2222 karani@localhost

Chaguo la -J lilikuja na OpenSSH 7.3 mwaka 2016, hivyo kompyuta ya zamani sana unayotokea huenda isilitambue.

Inaunganika vizuri, kisha inaganda

Hili ndilo tatizo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama mambo mawili tofauti kabisa. Kwa upande wa SSH, muunganiko unakubaliwa, mistari kadhaa inapita, kisha skrini inasimama kwenye maneno "expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY" hadi uchoke. Kwa upande wa barua, barua fupi za "nimepokea, asante" zinakwenda, lakini yenye ankara ya PDF inabaki kwenye foleni na maelezo kwamba muda umekwisha wakati wa kutuma mwili wa barua. Niliwahi kupoteza siku nzima nikibadilisha ukomo wa ukubwa wa viambatisho kwenye seva, na siku hiyo hapakuwa na kosa lolote kwenye seva.

Chanzo ni ukubwa wa pakiti. Kwenye Ethernet ya kawaida pakiti inaweza kufika baiti 1500. Laini inayotumia PPPoE (njia ya baadhi ya watoa huduma kumwunganisha mteja) hula baiti 8 kwa ajili ya vichwa vyake, ikabakiza 1492, na mtandao binafsi wa VPN hula zaidi. Pakiti kubwa ikifika mahali pembamba na ikiwa imewekewa alama ya kutokatwa vipande, ruta hutakiwa kuitupa na kumtumia mwenye pakiti taarifa ya ICMP (itifaki ya kupeana taarifa za makosa njiani) kwamba apunguze. Sasa pakitokea msimamizi aliyefunga ICMP yote akiamini kuwa anaongeza usalama, taarifa hiyo haifiki, na mtumaji anarudia kutuma pakiti ileile kubwa bila mwisho. Pakiti ndogo za salamu zinapita. Ile ya kwanza kubwa inamezwa. Ndiyo maana SSH hukwama pale ambapo pande mbili zinabadilishana vitu virefu vya usimbaji, na barua hukwama kwenye kiambatisho.

Kwenye Linux, kipimo chake ni hiki:

ping -M do -s 1472 203.0.113.25

Baiti 1472 ukijumlisha 28 za vichwa unapata 1500. Ikishindikana, shuka hadi 1464, ambayo inalingana na 1492, na uendelee kushuka hadi ipite. Fanya kipimo hichohicho kutoka seva kuelekea ofisini pia, kwa sababu njia ya kurudi inaweza kuwa nyembamba kuliko ya kwenda. Ukishapata namba, tiba ya kudumu ni kuiruhusu ICMP ya aina hiyo kwenye faiawoli zote unazozimiliki. Na kwa zile usizozimiliki, iambie ruta ya ofisi ipunguze ukubwa unaotangazwa mwanzoni mwa kila muunganiko:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Ruta nyingi za ofisini zina kisanduku cha kuwasha jambo hilohilo bila kuandika amri, kwa kawaida kikiwa na herufi MSS.

Inakatika ukienda kunywa chai, au herufi zinachelewa

Muunganiko wa SSH unaokufa kila unapouacha bila kuandika kitu umesahauliwa na kifaa kinachobadilisha anwani njiani, ambacho hufuta kumbukumbu za mazungumzo yaliyokaa kimya. Weka ServerAliveInterval 60 kwenye faili la ~/.ssh/config na tatizo litakwisha.

Kuchelewa kwa herufi kuonekana ni suala jingine, na sehemu yake haina tiba. Kati ya Dar es Salaam na Frankfurt kuna takribani kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70 hata kama nyaya zingepita juu ya jangwa bila kona. Nyaya za baharini zina kona nyingi. Lakini ukizoea milisekunde 150 na ghafla ukaona 400, njia imebadilika, na hapo traceroute ya siku njema uliyoihifadhi huwa na thamani kubwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, hakukuwa na fundi wa ofisi wala mpangilio wa seva ambao ungeirudisha njia ya awali. Aliyekuwa na kipimo cha zamani alijua hivyo mapema na akaacha kuzima na kuwasha ruta.

Barua haitoki kabisa

Ikiwa programu ya barua ya mfanyakazi inasubiri hadi muda kwisha, angalia imepewa poti gani. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva, na watoa huduma wengi wa intaneti pamoja na kampuni za kukodisha seva huifunga kwa wateja ili kuzuia barua taka. Mfanyakazi hutakiwa kutumia 587 au 465 pamoja na nywila yake. Jaribu zote ukiwa ofisini:

nc -vz -w 10 203.0.113.25 25
nc -vz -w 10 203.0.113.25 587

Ya kwanza ikikaa kimya na ya pili ikijibu, hakuna kilichoharibika. Lakini kama ni seva yenyewe isiyoweza kufika poti 25 ya seva nyingine yoyote, foleni inayoonekana kwa postqueue -p (amri ya Postfix, programu ya seva ya barua) itajaa barua za vikoa vyote bila ubaguzi. Iandikie kampuni iliyokukodisha seva, kwani baadhi hufungua poti hiyo kwa maombi tu.

Barua inakwenda mahali pasipo pake

Wakati wa UUCP, mtandao wa zamani ambamo kompyuta zilipokezana barua, mtumaji aliandika mwenyewe orodha ya mashine ambazo barua ingepitia, moja baada ya nyingine, zikitenganishwa kwa alama ya mshangao, na mashine moja ya katikati ikizimika barua ilikwama. Mwaka 1986 waraka wa RFC 974 wa Craig Partridge ulieleza njia tunayoitumia hadi leo: kikoa hutangaza kwenye rekodi za MX ni seva zipi zinapokea barua zake, na namba ndogo ndiyo inayojaribiwa kwanza. Mzigo wa kujua njia ulihama kutoka kwa mtumaji kwenda kwa mwenye kikoa, na makosa nayo yakahamia huko.

dig +short MX ofisi.example

Jibu lazima liwe jina la mashine, si anwani ya namba, na jina hilo liwe na anwani yake moja kwa moja badala ya kuwa jina la utani linaloelekeza jina jingine. Angalia pia kama jina la seva ya barua limewekwa nyuma ya huduma ya kukinga tovuti. Huduma hizo kwa kawaida hupitisha trafiki ya wavuti tu, kwa hiyo tovuti itafunguka vizuri huku kila barua ikikutana na kimya.

Kosa linalokula muda mwingi zaidi katika ofisi zetu linatokana na kuhama nusu. Tovuti imebaki kwenye seva ya zamani, barua zimehamishiwa kwa mtoa huduma mwingine, MX zimebadilishwa, na watu wa nje wote wanawasiliana na ofisi bila shida. Isipokuwa ujumbe unaotumwa na fomu ya tovuti haufiki, na hakuna ujumbe wa kosa unaorudi. Sababu ni kwamba seva ya zamani bado inaamini kuwa ofisi.example ni kikoa chake, hivyo haiulizi MX hata kidogo. Inaiweka barua kwenye sanduku la ndani ambalo halifunguliwi na mtu tangu siku ya kuhama. Kwenye cPanel (jopo la kusimamia seva), badilisha uelekezaji wa barua wa kikoa hicho kutoka wa ndani kwenda wa mbali. Kwenye Postfix, ondoa kikoa kwenye mydestination au virtual_mailbox_domains. Kisha fungua lile sanduku la zamani, maana huenda kuna maombi ya wateja ya miezi kadhaa.

Kinyume cha kosa hilo hujitangaza chenyewe: Postfix ikiandika "mail for ofisi.example loops back to myself", MX inaielekeza seva hii lakini seva haijaambiwa kwamba kikoa ni chake.

Inapokelewa, lakini mpokeaji haioni

Hili si tatizo la njia, ingawa huletwa kwa jina hilo. Barua ikipewa jibu la 250 na seva ya mpokeaji, pakiti zimemaliza kazi yake. Hakikisha anwani ya seva ina rekodi ya PTR inayorudisha jina lake, na kwamba jina hilo linarudisha anwani ileile. PTR huwekwa na mwenye anwani, yaani kampuni iliyokukodisha, na si mahali unaposimamia kikoa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameimarisha masharti yao kuhusu SPF, DKIM na DMARC (njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa), na anayetuma kwa wingi hutakiwa kuwa na vyote vitatu. Kumbuka pia kwamba seva yenye anwani ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani) huenda ikatuma kupitia anwani hiyo bila wewe kujua, na anwani hiyo isipokuwa na PTR wala kutajwa kwenye SPF, barua hukataliwa kwa kupokezana: leo inapita, kesho hapana, kutegemea ni anwani ipi iliyotumika.

Imefika, lakini baada ya saa tatu

Fungua vichwa kamili vya barua usome mistari ya Received kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva huongeza wake juu ya iliyotangulia. Linganisha saa, lakini kwanza geuza zote ziwe za ukanda mmoja: saa 10:05 yenye +0300 ya Dar es Salaam na saa 09:06 yenye +0200 ya Frankfurt wakati wa kiangazi zinatofautiana kwa dakika moja. Nimeona lawama nzito zikielekezwa kwa seva ambayo kosa lake lilikuwa kuwa Ulaya.

Pengo la kweli likionekana kati ya mistari miwili, seva ya mstari wa chini ndiyo iliyokaa na barua. Tafuta kwenye kumbukumbu zake jibu la 4 kutoka kwa seva iliyofuata. Likiwa 450 au 451 lenye maneno ya kuomba ujaribu baadaye, huenda mpokeaji huwakataa watumaji wapya mara ya kwanza kwa makusudi, akijua kwamba seva halali itarudi. Likiwa ni kimya badala ya namba, rudi kwenye ping na traceroute hapo juu, safari hii ukizitumia kutoka kwenye seva hiyo iliyokaa na barua na si kutoka kwenye meza yako.